MWENYE HESHIMA MJINI, MWENYE SIRI GIZANI
Kisa cha "Malkia wa Meno ya Tembo" na mafunzo yake kwa mama wa nyumbani

Mpenzi msomaji, wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Tunalisema neno hilo mara nyingi, lakini mtu mwenye maneno mazuri, mavazi safi na mkono wa kutoa anapoingia kwetu tunalisahau mara moja. Tunamkaribisha mbele, tunampa kiti kizuri, na watoto wetu tunawaambia, "Mwigeni huyu." Mwezi huu tutatazama kisa kimoja cha kweli kilichotokea hapa nchini kwetu. Kinamhusu mwanamke aliyeheshimika sana Dar es Salaam na wapelelezi waliomfuatilia kimyakimya hadi mahakamani. Sisi wa Babati kinatugusa kwa karibu, maana mali iliyoibwa inafanana kabisa na ile tunayoishi nayo jirani pale Tarangire.

MGENI ALIYEJUA KISWAHILI CHETU

Mwanamke huyo anaitwa Yang Fenglan, raia wa China. Alijifunza Kiswahili huko Beijing wakati ambapo Wachina waliokijua walikuwa wachache sana. Miaka ya sabini alikuja Tanzania kama mkalimani wa mradi wa reli ya TAZARA, ile inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, urefu wa kilomita 1,860. Wazazi wetu wanaikumbuka reli hiyo kuwa alama ya urafiki wa nchi mbili. Mtu aliyefanya kazi katika mradi huo alibeba jina jema hata kabla ya kufungua kinywa.

Baadaye alirudi tena nchini kufanya biashara. Alifungua mgahawa wa chakula cha Kichina katikati ya jiji la Dar es Salaam, akawa na kampuni yake, tena akawa miongoni mwa viongozi wa baraza la wafanyabiashara wa China na Afrika hapa Tanzania. Alizungumza nasi kwa lugha yetu, na wakubwa na wadogo walimfahamu. Fikiri, msomaji, ni nani angemshuku mama mtu mzima mwenye mgahawa, anayesalimia kwa Kiswahili safi?

Lakini Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani pamoja na Watanzania wawili, Salivius Matembo na Manase Philemon. Hakimu Huruma Shaidi aliwahukumu kifungo cha miaka 15 jela kwa kuongoza mtandao wa uhalifu. Mahakama iliridhika kwamba kati ya mwaka 2000 na 2014 mtandao huo ulijihusisha na vipande 860 vya meno ya tembo vyenye thamani ya shilingi bilioni 13. Yang, aliyekuwa na umri wa miaka 69 wakati huo, alikuwa ameyakana mashtaka tangu mwanzo. Magazeti yalikuwa yameshampa jina la "Malkia wa Meno ya Tembo".

Hebu tuhesabu kidogo. Tembo mmoja ana meno mawili. Kama kila kipande kilikuwa jino zima, basi ni tembo zaidi ya mia nne. Ukiwapanga kwa mstari kutoka Nangara kuelekea mjini, utachoka kutembea kabla hujamfikia wa mwisho.

WAPELELEZI WASIO NA HARAKA

Alipatikanaje mtu wa namna hiyo? Jibu lake lina mafunzo mengi.

Katika miaka ile tembo walikuwa wakiuawa kama kuku. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha tembo wapatao 109,000 nchini. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilikuta wamebaki takriban 43,000 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha katika muda ambao mtoto anaanza darasa la kwanza na kumaliza la tano. Katika eneo la Selous na Mikumi hali ilikuwa mbaya zaidi: kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 hivi mwaka 2013.

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Nia ilikuwa kuwakamata majangili, lakini nguvu ilitumika kupita kiasi. Wananchi walipigwa na kudhalilishwa, wengine wakapoteza maisha. Bunge lilipaza sauti, operesheni ikasimamishwa, na Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Wengi walioumia ni watu wa vijijini. Wenye biashara kubwa waliendelea kulala katika nyumba zao nzuri mjini.

Hapo ndipo njia nyingine ilipopata nguvu, yaani upelelezi. Kikosi kazi cha taifa cha kupambana na uhalifu mkubwa kilianza kufuata nyuzi badala ya kupiga vijiji. Biashara ya pembe imejengwa kama ngazi. Chini kabisa yuko mwindaji mwenye bunduki, mara nyingi kijana maskini. Juu yake yuko mkusanyaji anayepita vijijini. Kisha yuko mwenye gari na mwenye ghala. Kileleni yuko mwenye fedha na mawasiliano ya ng'ambo, ambaye pengine hajawahi kuukanyaga mzoga wa tembo maishani mwake. Ukimkamata wa chini peke yake, kesho yule wa juu ataajiri mwingine. Wapelelezi walimkamata mdogo, wakamuuliza alimpelekea nani, wakampata huyo, wakamuuliza vilevile, na hivyo wakapanda ngazi hatua kwa hatua.

Kazi hiyo inaonekana katika filamu The Ivory Game ya mwaka 2016, inayomwonyesha ofisa wa upelelezi wa kikosi hicho, Elisifa Ngowi, akiwafuatilia wahusika wa biashara hii kwa subira kubwa. Yang naye alifuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukamatwa. Oktoba 2015 habari zake zilienea dunia nzima alipofikishwa mahakamani Kisutu akiwa na umri wa miaka 66. Toka hapo hadi hukumu ilipita miaka zaidi ya mitatu. Siku za mwizi ni arobaini, lakini wapelelezi walizihesabu kwa miaka.

Sisi wauguzi tunaielewa kazi hiyo. Mgonjwa anaweza kuingia zahanati akicheka, amejipaka mafuta, anasema, "Nesi, mimi mzima, nimemsindikiza shangazi tu." Ukimfunga kipimo cha presha mkononi unakuta namba za kutisha. Uso wake haukusema uongo kwa makusudi, ila uso si kipimo. Mpelelezi mwema hafuati chuki wala uvumi. Anapima, anaandika, anapima tena, ndipo anapeleka ushahidi mbele ya hakimu.

DAMU YA WATU PIA

Tusidhani gharama ilikuwa ya tembo peke yao. Shirika la PAMS Foundation, lililoanzishwa mwaka 2009, lilikuwa likisaidia kazi ya kupambana na ujangili, pamoja na kukisaidia kikosi kazi kile. Mmoja wa waanzilishi wake, Wayne Lotter, alikuwa ameshapokea vitisho vya kuuawa. Usiku wa tarehe 16 Agosti 2017, akitoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, gari alimopanda lilizuiwa eneo la Masaki na akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 51. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu 11 kwa mauaji hayo na kuwahukumu adhabu ya kifo.

Mwenye kuua mnyama kwa siri ili apate fedha hatasita kumuua mtu anayetaka kuifichua siri hiyo. Dhambi iliyofichwa haikai peke yake, huzaa nyingine ili ilindwe.

MAMA TEMBO NA WANAWE

Siku moja katika kikundi chetu cha akina mama mwenzetu mmoja mwenye shamba upande wa Tarangire aliuliza kwa uchungu, "Dada muuguzi, mahindi yangu yameliwa usiku mmoja tu, na ada ya mtoto ilikuwa humo. Tembo ananihusu nini mimi?"

Swali lake ni la haki, wala halipaswi kudharauliwa. Anayelala shambani na debe la kugonga ili kuwafukuza tembo ana haki ya kukasirika. Zipo njia zinazosaidia, kama kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, maana tembo huogopa nyuki. Zipo pia jumuiya za hifadhi kama ile ya Burunge, inayovikusanya vijiji vya wilaya yetu kama Minjingu, Mwada, Sangaiwe na Vilima Vitatu, ili fedha za watalii zifike kijijini. Pale ambapo hazifiki, wanakijiji waulize kwenye mkutano, kila mara, bila kuchoka.

Lakini nilimweleza pia habari hii. Tembo hubeba mimba miezi 22, kisha humnyonyesha mtoto kwa miaka kadhaa. Familia yao huongozwa na jike mzee, yaani bibi wa ukoo. Katika ukame mkali wa mwaka 1993 watafiti walifuatilia ndama 81 pale Tarangire. Katika miezi tisa ndama 16 walikufa, ambapo mwaka wa kawaida ni wachache sana wanaokufa. Ilionekana kwamba makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza watoto wachache kuliko kundi lililobaki. Na kundi lililobaki lilikuwa na majike vijana zaidi, kwa sababu wazee wao walikuwa wameuawa na majangili miaka ya sabini na themanini. Watafiti waliona kwamba huenda majike wazee wa makundi yaliyotoka walikumbuka ukame wa zamani na njia ya kuuepuka.

Jangili hupenda meno makubwa, na tembo wenye umri mkubwa ndio wenye meno makubwa. Kwa hiyo anapomuua bibi, anaua na kumbukumbu ya ukoo mzima, na wajukuu wanakufa kwa kiu miaka mingi baadaye. Wanawake tuliolelewa na bibi zetu tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi yule mwenye mgahawa alitajirika kwa mayatima." Akina mama wote wakaitika.

BIBLIA IMEWAJUA WATU HAWA ZAMANI

Ndugu msomaji, Neno la Mungu halishangai habari kama hizi. Soma 2 Samweli sura ya 15 uone Absalomu alivyokuwa akiamka mapema, akisimama njiani pale langoni, akiwapokea wenye mashauri, akiwashika mkono na kuwabusu. Watu wakaona, kumbe kijana mnyenyekevu! Kumbe alikuwa anaiba mioyo yao ili ampindue baba yake. Soma Yohana 12 uone kwamba mwizi miongoni mwa wanafunzi ndiye aliyekabidhiwa mfuko wa fedha, na ndiye aliyezungumza kwa huruma juu ya maskini. Katika Mathayo 7 Bwana Yesu anatufundisha kuwatambua watu kwa matunda yao. Tunda halionekani siku ya kwanza. Linataka muda, na linataka mtu wa kulitazama.

Kisha soma Matendo ya Mitume sura ya 5, habari za Anania na Safira. Hii inatuhusu sisi wake za watu moja kwa moja. Petro hakumhukumu Safira kwa kosa la mumewe. Alimpa nafasi yake mwenyewe, akamuuliza juu ya ile bei. Mlango wa kweli ulikuwa wazi mbele yake. Yeye akachagua kuilinda siri ya nyumba, na siri ile ikamzika.

SIRI INAPOLALA NYUMBANI KWETU

Wafanyabiashara wakubwa wa pembe hawawezi kufanya kazi bila watu wadogo. Anatakiwa kijana wa kubeba, dereva wa usiku, mwenye chumba cha kuhifadhi mizigo, na mama wa kunyamaza. Novemba 2013 polisi walikuta vipande 706 vya meno ya tembo katika nyumba ya kawaida ya kuishi huko Mikocheni, Dar es Salaam. Nyumba ile ilikuwa na majirani kama wewe na mimi.

Mama mmoja kikundini aliniuliza, "Mume akileta fedha nyingi ghafla, nikimuuliza si nitakuwa nakosa adabu? Na je, akinipiga?" Wengine waliinamisha vichwa, maana swali lilikuwa la wengi. Nayajibu hapa kwa ajili ya wale wasiokuwepo siku ile.

Kwanza, kuuliza fedha imetoka wapi si kukosa adabu. Mke ni msaidizi, na msaidizi asiyejua kazi inayofanyika hasaidii. Uliza kwa upole, mkiwa wawili, tumbo likiwa limeshiba na watoto wamelala. Unaweza kusema, "Baba fulani, namshukuru Mungu kwa riziki hii, lakini moyo wangu hautulii mpaka nijue tumeipataje." Mtu mwenye fedha halali hufurahi kuieleza kazi yake. Mwenye fedha ya giza hukasirika kabla hujamaliza sentensi.

Pili, ijue sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 hadi 30. Sanduku likikutwa chini ya kitanda chako, kusema "ni la mgeni" hakutatosha kukuokoa. Usikubali kutunza mzigo usioujua, hata kama mwenye mzigo ni mzee wa kanisa, ni mfadhili wa kwaya, au ni ndugu wa damu.

Tatu, kama unaogopa kipigo, usibebe jambo hili peke yako. Usalama wako na wa watoto ni wa kwanza. Nenda kwa mtu mzima unayemwamini, kwa mama mchungaji, kwa ofisa ustawi wa jamii, au katika dawati la jinsia na watoto lililopo polisi. Kunyamaza si utii ambao Mungu anautaka.

Nne, tusigeuke wasingiziaji. Baada ya kusikia kisa kama hiki ni rahisi kumshuku kila tajiri na kila mgeni. La hasha! Wachina wengi wamefanya kazi nchini kwetu kwa uaminifu, na wengine wamezikwa huku. China yenyewe ilifunga biashara ya pembe za ndovu nchini mwake mwishoni mwa mwaka 2017. Na tusisahau kwamba waliofungwa pamoja na Yang ni Watanzania wenzetu. Ukiona jambo, lipeleke panapohusika. Usilitandaze kisimani.

TUWALEE WATOTO WANAOULIZA

Watoto wetu wa Nangara wanakua wakiona magari makubwa yakipita kuelekea Arusha na Singida. Wanaona nani anashangiliwa kwenye harambee, na wanasoma nyuso zetu tunapotaja majina ya matajiri. Tukimsifu mtu kwa gari lake bila kutaja kazi yake, tumeshawafundisha. Basi tuwafundishe vingine. Mtoto akirudi na kalamu isiyo yake, muulize imetoka wapi, hata kama ni ya shilingi mia. Akijibu kweli msifu, kisha mrudishe nayo kwa mwenyewe. Kijana akianza kutuma fedha nyumbani, mshukuru, halafu muulize kazi yake ni ipi, bosi wake ni nani, na analala wapi. Mwindaji wa ngazi ya chini alikuwa mtoto wa mama fulani, na pengine mama huyo alifurahia kanga mpya bila kuuliza.

Kanisani pia tuwe macho. Mtu akitoa sadaka kubwa, tumshukuru Mungu, lakini tusimpe uongozi kwa sababu ya bahasha. Mhazini awe na daftari, daftari likaguliwe, na mkaguzi asiwe shemeji yake. Mwaminifu haumizwi na ukaguzi.

Tunalo pia la kushukuru. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba tembo nchini wameongezeka na kufikia takriban 60,000. Watu waliofanya kazi kimya, wakapima, wakaandika na kusubiri, hawakufanya kazi bure. Ukipita njia ya Kwakuchinja ukakuta gari limesimama ili kundi livuke barabara, tazama vizuri aliye mbele. Mara nyingi ni bibi mzee, na nyuma yake watoto wanafuata bila wasiwasi, wakimwamini kwamba anaijua njia. Watoto wetu nao wanatufuata hivyohivyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Safira alikuwa na nafasi gani ya kujiokoa, na nini kilimzuia?
2. Tunatumia kipimo gani kuwachagua viongozi wa kikundi chetu: maneno, fedha au matunda?
3. Mwenzetu akija na siri nzito ya nyumbani kwake, je, kikundi chetu kinaweza kuibeba bila kuisambaza?

Mungu azibariki nyumba zenu, na atupe macho ya kuona na midomo ya kusema kweli kwa upendo.